Ndege Nyeusi Chini ya Bawa

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu ndege kubwa iliyobeba ndege ndogo nyeusi chini ya bawa lake. Papo hapo nikasikia harufu ya kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka, kwetu Kamachumu.

Mchana mmoja, nilipokuwa mdogo, mama alikuwa anafunga akamwani, kahawa ya kutafuna, zawadi ya shangazi wa Bukoba tuliyekuwa tunakwenda kumsalimia. Aliifungia kwenye ukurasa wa gazeti la Kizungu kutoka misheni, wenye picha kama ile. Baba, ambaye alikuwa mwalimu, alitusomea taratibu.

“Mkubwa anambeba mdogo mpaka juu kabisa, halafu anamwachia. Mdogo anawasha moto wake, anakimbia kuipita hata sauti.”

“Haanguki?” niliuliza.

“Anatua mwenyewe, salama.”

“Na huyo mkubwa?” mama aliuliza.

Mama alikohoa, akakaza kamba ya mgomba.

Njia nzima nilimhurumia yule mdogo, nimeshika kanga ya mama kwa mikono miwili. Kikohozi sikukijali, ingawa leo ndicho ninachokikumbuka kuliko maneno yote. Tulipofika, mama aligeuka kuondoka peke yake, na ilibidi shangazi anikunjue vidole kimoja kimoja.