Nyanya za Kigiriki zilivyotaka kunirudisha Tanga

Wakuu, nianze na aibu yenyewe tusizungushane: mimi mtu mzima nilishapiga magoti mbele ya oven nikiziomba nyanya zisipasuke. Ni kweli tupu, sijaongeza chumvi.

Ilikuwa 2014, Dubai, mgahawa mdogo pale Oud Metha. Mwenye mgahawa, madam Mgiriki. Mimi wa kuosha vyombo na kukata vitunguu, bado niko probation, na wiki hiyo ndiyo madam anaamua nibaki au nipande ndege.

Sasa mpishi anaumwa, na mama yake madam katoka Ugiriki, anataka lunch ya gemista. Ni nyanya na hoho unazichimba ndani, unajaza mchele mbichi na kitunguu na nanaa, unazifunika na vifuniko vyake, unaoka.

Madam akauliza, "You can?"

Mimi na form two yangu niliyoishia njiani: "Yes madam, very easy."

Nilishamwona mpishi akijaza nusu tu. Nikajua jamaa bahili. Kwetu sahani ya wali isipokuwa na kilima, mgeni anaona hutaki arudi. Nikashindilia mpaka juu, nikabana na dole gumba.

Baadaye nachungulia kwenye kioo, vifuniko vimenyanyuka kama vinanisalimia. Mchele unavimba. Nyanya ya kwanza ikachanika.

Hapo ndipo magoti yalipokwenda chini. AC ipo, jasho linatoka. Najiona nashuka airport na begi lilelile nililoondoka nalo.

Zikaenda mezani hivyohivyo. Yule bibi, mama yake madam, akatafuna, nikasikia kruu mpaka jikoni. Juu mchele mgumu, chini uji. Akaongea Kigiriki kirefu. Madam hakucheka, akaniambia tu, "Tomorrow come early. Before everybody."

Nikarudi room kwetu, mtaa wa Karama.

Siku hizi najaza nusu. Ukiona fundi kaacha nafasi, muulize kabla hujamwita bahili. Na nyie mliowahi kusema yes kwa msichokijua, tiririkeni hapa, nisichekwe peke yangu.

Ila jioni ile nilimkuta roommate wangu Mutua, Mkenya, askari wa mall, anajiandaa kwenda duty. Nikamweleza yote, nikamuuliza kama nianze kupanga begi.

Akasema, "Wewe, mtu wa kufutwa kazi haambiwi akuje mapema. Huyo mathe, madam wako, anataka kukufunza. Sasa toka hapo, umekalia soksi zangu."