Msomaji wa pili wa Bi Nukta

Simu iko mezani, imeegemezwa kwenye kikombe cha chai iliyopoa. Ndani yake sauti ya mwanamke inataja herufi mojamoja, na mwanamke huyohuyo amekaa mbele yake akizifuata kwa kidole kwenye karatasi.

Wenzake humwita Bi Nukta, maana nukta ikikosekana hali wala halali. Kazi yake ni kufuatilia asili ya maneno ya Kiingereza kwa ajili ya kamusi: neno limetoka lugha gani, na kabla ya hapo lilikuwa wapi. Ukurasa ukikamilika husomwa na watu wawili, mmoja anatamka, mwingine anafuata. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliyetamka alikuwa mumewe. Alifariki mwaka jana.

"Yeye alisoma hata mikato kwa heshima," anasema. "Sasa najirekodi, halafu najisikiliza."

Ujanja huo umemtokea puani. Sikio lake linaisamehe sauti yake mwenyewe, na mwezi uliopita neno la Kilatini lilipita likiwa na herufi pungufu. Mchapishaji hakupindisha maneno: kosa jingine, kazi anapewa mtu mwingine. Bila kazi hiyo, Bi Nukta anakiri, nyumba ingemmeza mzimamzima.

Ukurasa unaofuata una neno "widow", yaani mjane. Ameupiga chenga wiki nzima. Hatimaye amempigia simu aje kumtamkia wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani asiyejua Kiingereza. Hawajaonana tangu mazishi.

Wifi anafika, anavaa miwani, anasoma asichokielewa herufi kwa herufi, taratibu, kama anayehesabu vifungo. "Widewe" la Kiingereza cha kale. Kisha maneno ndugu zake: "vidua" la Kilatini, "vidhava" la Kisanskriti. Nyuma yao wote, wataalamu wanaona mzizi wenye maana ya kutenganishwa.

Herufi zote ziko sawa. Wifi anauliza neno lenyewe lina maana gani, na Bi Nukta anamwambia. Wifi anavua miwani.

"Mimi na yeye tulitoka tumbo moja," wifi anasema. "Aliyefiwa na kaka yake anaitwaje?"

Bi Nukta anafikiri. Katika lugha zote alizozipitia, anasema, hakumbuki kulikuta neno hilo.

"Zimebaki kurasa nyingi," anamwambia. "Njoo na Alhamisi, wifi. Tulitafute wote."