Ukumbi Mmoja na Mkwe Wangu

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda na magari yao milimani kwetu, vijana wote walishinda huko kwenye kahawa. Sisi wazee tukaachiwa kuku. Ndipo masista wa parokia wakafungua ukumbi wa kututunza mchana: uji, ugali na maharage, na soga kuliko vyote. Majina ya wote waliokuja ninayo kichwani hadi leo. Siyaandiki tu, maana wengine wameacha wajukuu wakali.

Nilifurahi mno, kwa sababu nyumbani nilikuwa nimeanza kuwasengenya majirani kwa kuku.

Basi asubuhi moja akaletwa mzee mwenye goti bovu. Lahaula, mkwe wangu! Mume wa binti yangu wa kwanza. Na kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwewe, wala hawatazamani. Nikajifunika kanga, nikageukia ukuta. Yeye akageukia dirisha. Ugali ukapoa.

Muuguzi wetu alikuwa binti wa Tanga, amehamishiwa kwetu juzijuzi. "Bibi, mbona huli?"

"Pale kuna mkwe, mjukuu wangu."

"Kwani mkwe anang'ata?"

Watu wakacheka. Muuguzi akadhani mimi na mkwe tumegombana. Kesho yake akanishika mkono, akanivuta hadi kwa mzee. "Haya, peaneni mikono, yaishe!" Mkwe wangu akaruka kitini, akatoka mbio hadi uwanjani. Goti lile lile!

"Mwambieni mama nimekosa!" alilia kutoka nje.

"Mwambieni baba hajakosa kitu!" nikajibu, uso ndani ya kanga.

Muuguzi akakasirika. "Bibi, usipokula leo, kesho ubaki nyumbani. Siwezi kutunza mtu mwenye njaa."

Nyumbani na nani?

Bibi mmoja jirani yangu akamwambia, "We binti, hawa hawana ugomvi. Wanaheshimiana. Tundika kitu katikati."

Likatafutwa shuka la mitumba lenye picha za bata, likafungwa kwenye kamba. Upande huu mimi, upande ule mkwe. Lilikuwa fupi, miguu yake naiona vizuri, kucha zote. Lakini miguu haina mwiko.

"Mwambieni mama karibu chakula," ikasema sauti nyuma ya bata.

"Mwambieni baba ahsante," nikasema, mdomo umejaa. Nikaomba niongezewe.