Ndama wa Maktaba Yetu

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mbegu. Hata baada ya kupigwa chokaa kiliendelea kunukia alizeti, na mpaka leo nikifungua kitabu kipya nashangaa kwamba hakinukii vile. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa chuo chetu cha maendeleo ya wananchi, kando ya barabara iendayo Manyoni, nami nilikuwa nimekuja kujifunza kushona. Nilikuwa na darasa la saba tu, na mwandiko mzuri. Kwa huo mwandiko mkuu wa chuo akanipa ufunguo wa maktaba.

Mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: "Maktaba hii ni ya kila aliyejifunza kusoma, ili asisahau." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Kwenye vijiji vya ujamaa vilivyotuzunguka, akina mama na wazee walikuwa wametoka juzi tu kwenye madarasa ya watu wazima, wanajua kusoma na hawana cha kusoma. Sisi tulikuwa na masanduku matatu ya vitabu: kuku, mbolea, malezi, hadithi. Nikavipanga juu ya mbao na matofali. Nikishika ufagio nilikuwa naiona maktaba ya ghorofa, ina ngazi na madirisha ya vioo. Wenzangu wa cherehani walinicheka. "Mwenye ghorofa, njoo ule, ugali unapoa!" Nacheka nao, na ghorofa iko pale pale.

Watu walikuja. Kila mmoja nilimpa kitabu kwa mikono miwili, nikaandika jina lake, nikamwambia akitunze, akimaliza arudishe. Mbao zikabaki tupu nami nikajiona shujaa, mpaka miezi mitano ikapita na hakijarudi hata kimoja.

Ndipo akaja afisa wa wilaya, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu mbili mfukoni.

"Ndugu, vitabu viko wapi?"

"Viko kwa watu, ndugu afisa."

"Wamevila?"

Akapitisha kidole kwenye ubao, akatazama vumbi. Akasema atarudi Ijumaa ya wiki inayofuata. Akikuta hali ni hii, vitabu vitakavyopatikana vitapelekwa mjini, kwa watu wanaojua thamani yake, na stoo irudi kuwa stoo. Alipoondoka, mkuu wa chuo hakunigombeza. Alisema tu, "Binti, vitafute." Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Nikaazima baiskeli ya bwana shamba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa wa kwanza darasani kwao kuandika jina lake. Alikuwa anapeta uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuacha kupeta. "Leo ndiyo umetukumbuka?"

Nilimwuliza, kwa aibu, mbona hajarudisha kitabu cha kuku. Ungo ukasimama.

"Umenikosea nini mpaka nikurudishie?"

Sikuelewa. Mimi ni mtoto wa reli. Baba alifanya kazi stesheni ya Itigi, na nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa hata na mbuzi. Bibi akamwambia jirani yake jambo kwa Kinyaturu, wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha akanieleza taratibu kama anayelisha mgonjwa uji. Mtu akikupa ng'ombe wake umfugie, unakunywa maziwa, unachukua samadi, unamtunza. Humrudishi. Ukimswaga mpaka kwa mwenyewe bila kuitwa, umemwambia urafiki umekwisha. Mwenyewe ndiye huja kumwangalia, na akimtaka, anasema.

"Sisi tunasema, huyu binti wa chuo ana dharau! Mwezi wa tano huu, hajaja hata kuuliza ng'ombe wake amelalaje."

Kitabu alikitoa juu darini, kimefungwa kwenye kanga, mbali na mchwa. Hakikuwa na hata kona moja iliyokunjwa. Nikalia palepale, wao wakacheka zaidi.

"Na ndama hutaki kumwona?"

Ndama lilikuwa daftari. Kila siku alikuwa ameandika mstari mmoja, herufi kubwa kama mahindi, mambo ya kuku ambayo kitabu hakikuyasema. Mstari wa kwanza: "Aliyeandika kitabu hiki hamjui mwewe."

Wiki ile nilipita kijiji baada ya kijiji nikiomba ng'ombe wangu. Kila mahali nilisemwa kwanza kwa kuchelewa, kisha nikapewa togwa. Lakini kitabu hakuna aliyenipa. "Tutakuja nao wote siku moja," walisema. "Ng'ombe hawafungwi kwenye baiskeli." Ijumaa asubuhi mbao zilikuwa tupu vilevile, na afisa alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni anasoma yale maandishi mekundu.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona, maana walikuja wanaimba. Bibi alikuwa mbele na kanga yake. Vitabu vilikuja kwenye vikapu, kwenye ngozi ya mbuzi, kimoja ndani ya kibuyu kilichokatwa mdomo. Wengi walikuwa na daftari pembeni. Mzee mmoja aliweka mezani jalada tupu.

"Na kurasa, mzee?" afisa akauliza.

"Mchwa wamemmaliza. Ng'ombe akifa unampelekea mwenyewe ngozi, ajue hukumla wala hukumwuza. Ngozi hiyo hapo."

Afisa alitaka kukasirika, nilimwona, lakini kicheko kikamwahi. Akavua kofia, akakaa kwenye sanduku, akaanza kusoma madaftari. Mbao zilijaa nyuma yake na yeye hakugeuka kuzitazama. Mwisho akamwambia mkuu wa chuo kwamba vitabu havitoki hapa.

"Ila haya madaftari," akasema, "yangefaa yaende mjini, yatunzwe."

"Ndama hao bado wananyonya," bibi akamjibu. "Hawaendi popote."

Watu wakashangilia. Nikayapangia madaftari ubao wao wa peke yao, ule wa karibu na dirisha. Afisa alikuwa bado ameshika lile la kuku, hataki kuliachia. Akaniuliza, kwa sauti ya mwanafunzi, kama anaweza kuliazima, mkewe ana kuku na mwewe wanamsumbua.

Nikamtazama bibi.

"Mpe," akasema. "Lakini mwambie utakwenda kumwangalia ndama."

Nikampa kwa mikono miwili. Nikaandika jina lake chini ya majina ya wanakijiji, mwandiko wangu mzuri kuliko siku zote, na mwezi uliofuata nikaazima tena baiskeli.