Nilimpelekea Mama Mkwe Kompyuta Kuukuu, Nikasema Ni Mpya

Nilikosea. Wacha niliseme hilo kwanza, kwa maana mimi nikipewa nafasi ya kujitetea hujitetea mpaka nianze kuyaamini maneno yangu mwenyewe.

Jina langu sitaliandika. Ninaishi Uriri, nina duka dogo la mbolea na dawa za mifugo, na wateja wangu wengi wanasali na watu wa ukweni kwangu. Wakijua ni mimi, sitauza tena hata dawa ya kupe.

Mama mkwe wangu anakaa Karungu, kule ziwani. Ni mjane, mwalimu mstaafu wa chekechea, na Msabato wa kweli kweli. Hasemi uongo hata ule mdogo wa kufurahisha watu. Ukimpa chakula kilichozidi chumvi, atakula, atashukuru, kisha atakwambia chumvi imezidi.

Kitinda mimba wake, Akinyi, alikuwa ng'ambo akisomea uuguzi. Kila wiki walikuwa wakipigiana simu ya video, lakini macho ya mama yamefifia, na kwenye kile kioo cha simu alikuwa anamwona mtoto wake mdogo kama punje ya mtama. Mke wangu akashauri, kwa ile sauti yake ya kushauri ambayo mimi najua ni amri, kwamba tumpatie mama kompyuta yenye kioo kikubwa. Mahafali ya Akinyi yalikuwa yanakaribia na yangeonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Baba yake alifariki kabla hajamaliza masomo, kwa hivyo jicho la mzazi lililobaki kumwona lilikuwa hilo moja tu.

Nikakubali mbele ya shemeji zangu wote. Nikasema nitaleta kompyuta mpya. Hakuna aliyekuwa ametaja mpya! Neno lilinitoka lenyewe, na watu wakapiga makofi, basi likawa limeshakuwa ahadi.

Na uwezo wa kununua mpya nilikuwa nao. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Ulikuwa ubahili mtupu, na kujiona mjanja.

Nikaenda mjini Homa Bay, kwenye duka moja linalouza vifaa vilivyochoka maofisini. Nikaona kompyuta moja ya kupendeza, ile aina ambayo kila kitu kiko nyuma ya kioo. Kwa nje iling'aa. Kwa ndani, muuzaji mwenyewe aliniambia bila kuficha, diski yake ilikuwa imekufa, na kuifungua kompyuta ili kuibadilisha diski hiyo kungeweza kupasua kioo. Nikainunua hivyo hivyo.

Mimi si fundi, lakini nina simu na nina kiburi. Nikatazama video mtandaoni mpaka nikaelewa kwamba unaweza kuiacha diski ya ndani ilale, ukaweka mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoamsha kompyuta, kwenye diski ndogo ya nje. Unaichomeka kwa waya mfupi, unaiambia kompyuta iamkie pale, na mzee wa watu anaamka kama kijana. Nilifanya kazi hiyo katikati ya magunia ya mbolea. Nilipotea mara kadhaa, nikarudia, na hatimaye kioo kikawaka. Nilishangilia peke yangu dukani!

Sikiliza, kufikia hapo sikuwa nimetenda dhambi yoyote. Kompyuta ilikuwa nzuri na ilifanya kazi haraka. Ningempelekea mama na kumwambia, hii ni ya zamani lakini nimeifufua kwa mikono yangu, angenipenda zaidi.

Badala yake nikachukua selotepu nyeusi, nikaibandika ile diski nyuma ya kioo mahali pasipoonekana. Nikaisugua kompyuta kwa spiriti. Kisha nikaenda kwa muuza runinga jirani yangu nikaomba katoni mpya. Katoni, jamani! Nilikwenda kuomba katoni!

Karungu nilipokelewa kwa vigelegele. Mjomba wa mke wangu aliiombea ile kompyuta maombi marefu kuliko anayoombea wagonjwa. Mama akaigusa kwa ncha za vidole akasema hajawahi kumiliki kitu kipya namna hiyo tangu aolewe. Mke wangu alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu uchumba. Nami nikaketi pale nikipokea sifa bila aibu.

Adhabu haikuchelewa. Meza tuliyoiwekea ilikuwa inatikisika, na kila ikitikiswa, waya unalegea na kompyuta inazima. Na mimi siwezi kuingia kwa mama mkwe kama ninavyoingia sokoni. Sisi tunamwita maro, na maro huheshimiwa kwa umbali. Unatuma habari mapema, unavaa vizuri, unafika na sukari, mkate, mafuta ya kupika na sabuni, unakaa unapoonyeshwa, unaongea kwa kipimo. Sasa fikiria mtu anafanya ziara nzima ya ukweni, na suti juu, kwa ajili ya kusukuma waya!

Nikifika nilikuwa ninaomba watu watoke kwanza, eti kompyuta mpya inataka utulivu. Wanatoka. Nasukuma waya. Nakaa kidogo nikijifanya nafikiri. Nawaita waingie, wanakuta inawaka, wananisifu. Ile sukari peke yake nadhani ingenunua kompyuta ya pili.

Basi siku ya mahafali ikafika. Viti vilitoka kanisani, kuku wakachinjwa, samaki wakakaangwa, na majirani wakajaa sebuleni mpaka dirishani. Mama alikuwa amevaa gauni lake la Sabato ingawa haikuwa Sabato. Juu ya kompyuta alikuwa ametandika kitambaa alichofuma mwenyewe. Nikaitwa mbele kama mgeni wa heshima niiwashe.

Nikabonyeza. Kioo kikatokea cheusi, na maandishi machache meupe yakisema kompyuta haioni diski ya kuamkia.

Nikapitisha mkono nyuma kwa siri, nikitegemea ni ule waya. Mkono wangu ukagusa mgongo laini wa kompyuta. Hapakuwa na waya, hapakuwa na selotepu, hapakuwa na diski.

Nilikuwa na swali moja tu la kuuliza: nani ameona kitu cheusi kilichokuwa hapa nyuma? Swali la maneno machache. Lakini nikiuliza, watu watataka kujua ni kitu gani, na kwa nini kompyuta mpya imefungwa mzigo mgongoni kama mtoto. Nikageuka nikawaambia, "Ni netiweki."

Na kila mtu akakubali! Kule kwetu netiweki haina wakili. Watu wakaanza kuilaani, wengine wakatoa simu zao, na simu ya mjomba, yenye kioo kilichopasuka, ikafanikiwa kufungua picha, vichwa vya watu vikiwa vimeizunguka. Mama alijaribu kusogea na miwani yake. Kufikia wakati anafika karibu, jina la Akinyi lilikuwa limeshasomwa na kupita.

Mimi nilikuwa nimesimama pale nikijua kila kitu, na nilikaa kimya. Hilo ndilo ninalokuja kuungama. Ukuukuu usameheke, katoni isameheke, lakini kile kimya kinaniuma mpaka leo.

Muda si muda simu ya mama ikalia. Akinyi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Sauti ilikuwa juu, sote tukasikia.

"Mama, umeniona nikikupungia mkono?"

Mama akanitazama mimi. Hakutazama kompyuta, hakutazama simu, alinitazama mimi mkwe wake, mbele ya ukoo mzima.

"Nimekuona, nyathina, mtoto wangu," akasema. "Umependeza sana."

Mjomba akajifanya anakohoa. Mama yule, wa chumvi imezidi, alikuwa amemdanganya mtoto wake ili mimi nisiaibike.

Jioni tukiwa tunaondoka, alitusindikiza mpaka getini. Akasimama kwa ule umbali wa heshima, akafungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso ya mkononi. Ilikuwa diski yangu, na selotepu yake ikining'inia.

Akaniambia taratibu kwamba asubuhi alipokuwa akipangusa vumbi alikiona kile kitu, akadhani ni mabaki ya vile vifungio vya safari ambavyo wauzaji husahau kutoa. Akakata selotepu kwa mkasi, akakihifadhi mkobani ili anirudishie. Kompyuta ilipokataa kuwaka ndipo alipoanza kushuku. "Niliona haya kusema mbele ya watu," akasema. "Nimeiharibu zawadi yako mpya. Unisamehe, baba."

Kumbe wakati mimi naipapasa kompyuta, kitu nilichokitafuta kilikuwa mapajani pake, nami naogopa kuuliza, naye anaogopa kusema.

Na unajua nilimjibu nini? Mimi, mwanamume mzima mwenye duka? Nilisema, "Hakuna shida, mama. Nimekusamehe."

Nilimsamehe! Ee Mungu wangu.

Tukafika nyumbani. Nikamweleza mke wangu yote, tangu Homa Bay. Aliposikia habari ya katoni alicheka mpaka akaketi chini, akajifuta machozi, akaanza tena. Nikadhani nimepona. Kisha kicheko kikakatika.

"Utarudi kwa mama," akasema. "Na usibebe kitu. Wala sukari."

Sijui kama unaelewa uzito wa maneno hayo. Kufika kwa maro mikono mitupu ni sawa na kufika bila suruali. Nilipoingia Karungu Jumapili iliyofuata, mama aliitazama mikono yangu kabla ya kunitazama usoni, akanikaribisha. Nikamwambia. Sikupunguza. Diski iliyokufa, diski ya nje, selotepu, katoni, netiweki.

Nilingoja anifukuze, na moyoni nilitaka anifukuze.

Akasema kompyuta haimsumbui, kwa sababu hata yeye ni mzee na bado anatumika. Karibu nicheke, lakini yeye hakuwa anacheka. "Kinachonisumbua ni kwamba nimemwambia mtoto wangu nilimwona," akasema. "Sikumwona. Mpigie umwambie."

Nikachomeka diski waziwazi, ikaning'inia pembeni kila mtu aione. Kompyuta ikaamka. Akinyi akatokea kwenye kioo kikubwa, mama akamwona vizuri, nami nikaungama mara ya pili siku hiyo. Nikaona kidevu cha Akinyi kikitetemeka. Kisha akasema tusikate simu, tungoje.

Joho lilikuwa la kukodi na alikuwa amelirudisha. Aliporudi kwenye kioo alikuwa amejitanda leso ya samawati aliyopewa na mama siku ya kusafiri, na kichwani ameweka kitabu badala ya kofia. Akasimama mlangoni mwa chumba chake, akangoja.

"Soma jina lake," mama akaniambia. "Simama usome. Majina yote."

Nikasimama katikati ya sebule ile ile. Nikasoma majina yote matatu, na kwenye lile la baba yao nikakwama ikabidi nianze upya. Akinyi akatembea kutoka mlangoni hadi kitandani polepole, kitabu kikiyumba, akageuka akapunga mkono. Mama akampungia kwa mikono yote miwili.

"Sasa nimekuona," akasema.

Basi wewe unayesoma haya huku umeficha jambo lako, nakuomba. Ukipeleka kitu kuukuu, sema ni kuukuu kabla hujashuka nacho, hakuna atakayekifukuza. Na ukishikwa mbele ya watu, usiisingizie netiweki. Uliza tu nani amekiona kitu chako. Huenda aliyenacho ameketi karibu nawe, anaogopa kama wewe, na mtoto wa mtu anapita bila kuonwa.