Taa za gereji zimenikutanisha na baba mkwe

Nimemwona baba mkwe akiwa na sabuni tu.

Mume wangu ameunganisha taa za gereji na mlango wake. Ukifunguka kwa rimoti, zinawaka zenyewe.

Jioni hii nimefika nyumbani hapa Kisii, nikabonyeza nikiwa ndani ya gari. Mlango ukapanda. Kukawaka kama uwanja wa mpira.

Kumbe mzee ametoka Kebirigo bila kutuambia. Na sisi Wakisii mnatujua, baba haogi kwa bafu ya mke wa mwanawe. Akabeba beseni, akatafuta giza la gereji.

Nikafunga macho, nikabonyeza tena. Lakini huo mlango hushuka polepole, na taa hazizimi mpaka ufike chini.

Mzee bado yuko huko, hataki kutoka.

Mume wangu amepiga simu kuuliza kama taa zimewaka vizuri.

Nimjibu aje?