Waliotaka Kumkata Shija

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wazazi hapa Bariadi, metroni alinipa somo kabla sijafunga hata aproni. "Mtoto akitoka, usimtangaze wewe. Mnyanyue, mwoneshe mama, muulize amepata mtoto gani. Aseme kwa kinywa chake." Ndivyo tulivyofanya kazi, ili kesho mtu asije kudai amebadilishiwa mtoto. Niliuliza hivyo Mwandoya nilikopangiwa baadaye, nikauliza Kiloleli, nikarudishwa Bariadi nikiwa muuguzi mkunga mzoefu, na akina mama wote walijibu bila kufikiri.

Mpaka alipokuja Minza wa Kasoli. Nilimnyanyua mtoto wake, nikauliza. Akatazama, akainua kichwa atazame vizuri. Mtoto alikuwa na kile tunachokiita jinsi tata, yaani maumbile yake hayakuonesha wazi kama ni wa kike au wa kiume. Mwishowe Minza akanyoosha mikono. "Nipe ng'wanone," akasema. Nipe mwanangu. Uzazi wake uliotangulia ulikuwa wa mapacha, na kwa sisi Wasukuma anayefuata mapacha ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Jina halikumsumbua mtu.

Tuliosumbuka ni sisi wenye makoti meupe. Vipimo vya damu niliviunga mkono, kwa sababu baadhi ya watoto hawa hupoteza chumvi mwilini na wanaweza kufa upesi. Shija alikutwa salama. Lakini mganga mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali, akaita wanafunzi wa udaktari, mtoto akafunuliwa, akafunuliwa tena, kama ndama mnadani. Kisha akasema, "Tutampa rufaa akafanyiwe upasuaji awe wa kike. Ndiyo rahisi. Mama mwambieni ni marekebisho madogo tu."

Rahisi kwa nani? Hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Nilimjibu kwamba sitamdanganya mzazi. Akanifokea mbele ya wanafunzi wale: "Sista, wewe ni mkunga. Haya hayakuhusu!" Nikaenda kwa Minza, nikamweleza yote. Naye akamfuata mkuu ofisini, mtoto kifuani.

"Daktari, mtoto anaumwa?"

"Haumwi, mama."

"Anakojoa, ananyonya. Sasa mnamkata nini?"

"Watu watamcheka."

"Basi waite hao wanaocheka, uwatibu wao."

Akaondoka na mtoto wake. Mimi nikahamishiwa zahanati ya mbali, wala sikupewa sababu, na nilikaa huko mpaka mkuu yule alipohama.

Sasa nimestaafu, simwogopi mtu. Ninyi mnaoingia kazini, ugonjwa utibuni kwa nguvu zenu zote. Lakini kumpasua mtoto asiyeumwa, asiyeweza hata kusema hapana, ili sisi watu wazima tuache kuona haya, huo si uganga. Ni ukatili, na mwenye kuufanya kwa kumficha mama nasema ni mwoga pia.

Muda mfupi kabla sijaaga kazi, Shija aliletwa hospitali na Minza, kijana mkubwa, ameanguka na baiskeli na kuvunjika mguu. Tabibu aliyemvua nguo ili amfunge hogo la plasta akaduwaa, kisha akaanza kuwaita wenzake waje waone. Shija akavuta kanga ya mama yake, akajifunika.

"Nimeleta mguu," akasema. "Tibu mguu."